Moto Umezimika, Mvua Inakuja

Neno la Jumapili
Masomo: Zaburi 66:8-12, 1 Wafalme 19:1-8, Luka 13:1-5

 

Zaburi ya 66 ni zaburi ya shukrani. Mwimbaji anakumbuka mambo ambayo watu wa Mungu walipitia, na anapofika mstari wa 12 anataja mawili: walipita katika moto, na walipita katika maji. Baada ya hayo ndipo Mungu alipowatoa na kuwafikisha mahali pa neema. Tusome mstari huo polepole. Watu hawakutoka motoni wakaingia moja kwa moja kwenye raha. Katikati palikuwa na maji, na ni hapo katikati, moto ukiwa umepita na maji hayajafika, ambapo wengi wetu hulala usingizi. Leo tunataka kutafakari juu ya kipindi hicho.

Tutajifunza kutokana na jambo lililotokea hapa Marekani, katika mji mdogo uitwao Montecito, kaunti ya Santa Barbara, jimbo la California. Mji huo umebanwa kati ya milima ya Santa Ynez na Bahari ya Pasifiki. Milima iko karibu sana na nyumba, nayo ni mikali. Ni mahali pazuri, na wengi wa wakazi wake ni matajiri. Lakini wamo pia wafanyakazi wa bustani, wa majumbani na wa ujenzi, wengi wao wahamiaji kama sisi.

Tarehe 4 Desemba 2017 moto ulizuka karibu na Santa Paula, katika kaunti jirani ya Ventura. Uliitwa Thomas kwa sababu ulianza karibu na chuo chenye jina hilo. Upepo mkavu wa kutoka bara uliusukuma siku baada ya siku hadi ukateketeza zaidi ya ekari 280,000. Wakati huo ulikuwa moto mkubwa kuliko wote uliowahi kuandikwa katika kumbukumbu za California. Mamia ya nyumba ziliungua, na mzima moto mmoja alipoteza maisha akiwa kazini. Watu wa Montecito waliamriwa kuondoka. Walikaa mahotelini na kwa jamaa, wakifuatilia habari usiku na mchana. Wazima moto walifanya kazi kubwa, na karibu mji wote ukaokoka. Watu wakarudi nyumbani wakati wa Krismasi, wakafuta majivu madirishani, wakamshukuru Mungu.

Kisha ikaja mvua. Alfajiri ya tarehe 9 Januari 2018, kabla ya saa kumi, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ile iliyoungua. Kwa dakika 5 tu ilinyesha kiasi cha nusu inchi. Tope likashuka mabondeni likiwa limebeba majabali makubwa kama magari, magogo ya miti na vipande vya nyumba, likafuata mikondo ya vijito, likafurika, likapita katikati ya nyumba ambazo watu walikuwa wamelala. Bomba la gesi lilipasuka na kulipuka, na mbingu ikang'aa rangi ya machungwa usiku huo, hata waliotoka nje walidhani moto umerudi. Watu 23 walipotea. Miili ya 21 ilipatikana. Wawili, kijana wa miaka 17 na mtoto wa miaka 2, hawakuonekana tena. Nyumba zaidi ya 100 zilibomolewa kabisa. Barabara kuu ya 101, inayounganisha miji ya pwani ile, ilifungwa karibu wiki mbili kwa sababu ya tope.

Moto wa Thomas ulitangazwa kuwa umedhibitiwa kabisa tarehe 12 Januari, siku 3 baada ya tope kuua watu. Kwa hesabu ya karatasi, moto ulikuwa bado haujaisha. Na baadaye, watu walipoanza kudai fidia, kamishna wa bima wa California alizikumbusha kampuni za bima kwamba pale ambapo moto ndio chanzo kikuu cha tope, hasara ile inapaswa kulipwa kwa bima ya moto. Hata sheria ilitambua kwamba tope lile lilizaliwa na moto.

Kabla hatujaendelea, tuweke jambo moja wazi. Baada ya msiba kama huu, midomo haikosi. Mmoja atasema, "Ni matajiri, Mungu amewaonyesha." Mwingine atasema, "California ina dhambi nyingi." Katika Luka 13 watu walimletea Bwana Yesu habari za waliouawa, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Aliwauliza kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lake mwenyewe lilikuwa hapana. Kisha akawageuzia wao neno: watubu. Usiku ule wa Montecito tope halikuchagua. Lilichukua watu wa nyumba za fahari, na lilichukua familia za wahamiaji waliokuwa wakifanya kazi katika mji huo. Lilichukua wazee na watoto. Asiwepo mtu wa kanisa hili atakayepanda juu ya kaburi la mwenzake ili ahubiri hukumu. Msiba wa jirani tumepewa kuulilia, halafu kujitazama wenyewe.

Na kulia huko tunakujua. Waliotoka Kivu Kusini wanaikumbuka Mei 2023, maji na tope vilipoangukia vijiji vya Kalehe na watu zaidi ya 400 wakafa. Watanzania miongoni mwetu wanaikumbuka Desemba ya mwaka huo huo, tope la mlima Hanang liliposhuka juu ya Katesh. Waganda wanaikumbuka Bududa, chini ya mlima Elgon, mwaka 2010. Huko hakukutangulia moto. Kila mlima una sababu zake. Lakini tope ni lile lile, na mama anayetafuta mwanawe matopeni analia kwa sauti ile ile.

Sasa tujitazame. Tunaona mambo matatu.

Kwanza, mlima ulioungua hauwezi kunywa mvua.

Tujiulize: mvua imefanya kosa gani? Kwetu mvua ni baraka. Bibi harusi akinyeshewa, wazee hufurahi. California nayo ilikuwa na kiu ya mvua, maana moto ule ulikua kwa sababu ya ukavu. Milima ile hupokea mvua kila mwaka, na kwa kawaida majani huipunguza nguvu, mizizi huushika udongo, na ardhi hunywa. Moto mkali unapopita, majani huisha na mizizi hufa. Zaidi ya hayo, mimea ile ina mafuta na nta. Ikiungua, mvuke wake huingia ardhini, na ukipoa huganda chini kidogo ya uso wa udongo. Pale panakuwa na tabaka linalokataa maji. Mvua ikinyesha haizami. Inateleza kama juu ya sufuria iliyopakwa mafuta. Yanayoteleza huokota majivu, majivu hubeba udongo, udongo hubeba mawe. Kilichokuwa baraka kinageuka tope.

Na anayepita chini barabarani haoni tabaka hilo. Anaona mlima mweusi tu, anasema, "Afadhali moto umekwisha."

Wapendwa, wako wengi katika kutaniko hili waliopita motoni. Tulikimbia vita. Tulilala porini. Tulikaa kambini miaka 10, wengine 20, tukihojiwa, tukisubiri jina litoke. Siku ndege ilipotua tulipiga magoti na kusema yamekwisha. Tukapewa nyumba, tukapata kazi, watoto wakaanza shule. Hizo zote ni baraka, ni mvua njema. Lakini tumeona pia kwamba ni hapa hapa, katikati ya baraka, ambapo baba anaanza kukosa usingizi. Mama anakaa jikoni na taa imezimwa. Kijana aliyevuka mpaka akiwa mgongoni anaanza kuwa na hasira asiyojua ilikotoka. Ndoa iliyovumilia kambi inavunjika katika nyumba yenye friji iliyojaa. Nasi tunashangaa: walishinda vita, watashindwaje na amani? Wengine tunasema wamerogwa. Wengine tunasema hawana imani.

Turudi kwa nabii Eliya. Katika 1 Wafalme 18 moto ulishuka juu ya madhabahu mlimani Karmeli, na baada ya moto ikaja mvua kubwa iliyokuwa imesubiriwa kwa miaka. Mtu angetarajia sura ya 19 iwe ya karamu. Badala yake tunamkuta Eliya jangwani, amelala chini ya mti, anamwomba Mungu amchukue roho. Alianguka baada ya ushindi, baada ya moto na baada ya mvua. Je, Mungu alimkemea kwa kukosa imani? Hapana. Alimtuma malaika amguse, ampe mkate na maji, amwache alale tena, kisha amguse mara ya pili na ampe chakula tena, kwa kuwa safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mahubiri yalikuja baadaye. Chakula na usingizi vilitangulia.

Basi mtu akituambia ya kwamba haoni raha ingawa ana kila kitu, tusimjibu kwa haraka kuwa amshukuru Mungu. Huyo ni mlima ulioungua. Mvua haimwingii. Wataalamu husema mlima ulioungua huhitaji miaka kadhaa kabla ya mizizi mipya kuushika udongo, na hakuna anayeukasirikia kwa hilo. Tumpe ndugu yetu miaka yake. Tumpelekee chakula. Tukae naye. Na akihitaji daktari au mshauri wa afya ya akili, tumsindikize, tukamtafsirie kama inahitajika. Kwenda huko si kumkana Kristo, kama vile Eliya hakumkana Mungu kwa kula mkate.

Pili, masikio huchoka kabla hatari haijaisha.

Watu wa Montecito hawakukosa onyo. Wataalamu waliijua milima ile, na siku kadhaa kabla ya mvua walisema wazi kwamba matope yanaweza kushuka. Upande wa juu wa barabara ya 192, karibu na mlima, watu waliamriwa kuondoka. Upande wa chini waliambiwa wajiandae, na kuondoka kukawa hiari yao. Lakini kwa makadirio ya maafisa, hata kati ya walioamriwa ni sehemu ndogo tu walioondoka. Na wengi wa waliokufa walikuwa upande ule wa hiari. Tope halikusoma ramani. Ujumbe wa dharura wa simu ulipolia usiku ule, tayari mlima ulikuwa unashuka.

Kwa nini hawakuondoka? Tusiwahukumu. Walikuwa wamehama mwezi uliopita. Walikuwa wamelipia hoteli, wamekosa kazi, watoto wamechoka kulala nyumba za watu. Waliondoka mara ya kwanza, na nyumba zao hazikuungua. Mtu aliyekimbia mara moja na kurudi akakuta nyumba salama, mara ya pili miguu yake huwa mizito. Na nje mvua ilikuwa bado haijaanza. Nani kati yetu asingesema, "Leo acha tulale"?

Mungu alimweka Ezekieli kuwa mlinzi, na katika sura ya 33 anamweleza kazi ya mlinzi: akiona hatari apige tarumbeta. Asipopiga, damu ya waliokufa itadaiwa kwake. Mara nyingi tunaisoma sura hiyo tukifikiria wahubiri. Lakini mlinzi wa mtu aliyechoka mara nyingi ni jirani yake. Tarumbeta ya serikali inalia kwa wote, jirani anagonga mlango mmoja na kusema, "Ndugu, twende. Gari letu lina nafasi."

Kwetu jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu ya lugha. Simu inapolia kwa ukali usiku, hatuwezi kutegemea kwamba ujumbe utakuja kwa Kiswahili. Bibi aliyefika mwaka jana ataiona simu ikitetemeka, ataizima, atalala. Baba anayefanya zamu ya usiku hayupo. Mtoto wa miaka 12, ambaye ndiye mkalimani wa nyumba nzima, amelala. Onyo limefika mlangoni na halikuingia. Kanisa ndilo linalopaswa kuwa tarumbeta ya lugha yetu.

Na onyo la rohoni huenda hivyo hivyo. Ni nani kati yetu ambaye hajaambiwa juu ya pombe, juu ya hasira, juu ya mtoto anayejitenga chumbani? Mara ya kwanza tulishtuka. Mara ya pili tulisema tumesikia. Mara ya tano tunasema, "Mchungaji naye, maneno yale yale." Maneno ni yale yale kwa sababu mlima ni ule ule. Kukesha alikotuagiza Bwana maana yake ni kubaki macho hata tunapochoka kuambiwa.

Tatu, Mungu hutupitisha kwa mikono ya watu.

Zaburi inasema Mungu ndiye aliyewatoa watu wake. Alifanyaje Montecito? Waokoaji walitambaa usiku juu ya tope hadi kiunoni na kuwatoa walio hai, mmojawapo mtoto mdogo. Siku zilizofuata, watu wa kawaida walijikusanya kwa majembe na ndoo, wakajiita Bucket Brigade, yaani kikosi cha ndoo. Waliingia katika nyumba za watu wasiowafahamu, wakachimba tope vyumbani, ndoo kwa ndoo, wakitafuta picha za harusi na vitu vya watoto. Nyumba zilipokwisha, waliendelea hadi kwenye miti. Tope lilikuwa limezizunguka shina za mialoni ya zamani, na mti uliofukiwa hivyo hufa polepole. Wakaifukua miti ile ili ipumue, kwa sababu walijua kwamba mlima na bonde huponywa na mizizi.

Wala hawakuishia hapo. Nyavu za chuma zilifungwa kukatiza mabonde ili kushika mawe. Kaunti ikajenga bwawa la kuzuia matope mahali palipokuwa na nyumba, katika barabara ya Randall. Na tarehe 9 Januari 2023, miaka 5 kamili tangu usiku ule, mvua kubwa ilirudi. Mji wote wa Montecito uliamriwa kuondoka, safari hii bila mstari wa hiari. Vijito vilifurika tena, bwawa likashika mawe na matope, na maafa ya mwaka 2018 hayakujirudia. Machozi ya waliofiwa hayakufutwa na bwawa hilo. Lakini waliobaki walikataa msiba ule uwe hadithi tu. Hiyo nayo ni toba: kugeuka, na kuishi tofauti na tulivyoishi kabla.

Basi, familia zetu zote, kabla ya Jumapili ijayo tunaagana mambo haya.

Kila nyumba iwashe tahadhari za dharura kwenye simu, na ijiandikishe katika mfumo wa tahadhari wa kaunti yake. Vijana, hii ni huduma yenu. Wafanyieni wazazi wenu na wazee wasio na watoto hapa.

Kila nyumba iwe na mfuko mmoja karibu na mlango: hati za uhamiaji, vyeti vya kuzaliwa, dawa, chaja na maji. Mtu aliyewahi kupoteza karatasi zake kwa kukimbia hahitaji kuelezwa zaidi.

Kila nyumba ichague nyumba nyingine moja ya ushirika huu, hasa ya wageni waliofika karibuni au ya mtu anayeishi peke yake, na kuiambia, "Usiku likitokea jambo, sisi ndio tutakaokupigia. Usipopokea, tutakuja kugonga."

Na kila mmoja amkumbuke mtu mmoja ambaye moto wake tulisikia umezimika: aliyefiwa mwaka jana na hatumtaji tena, aliyepona ugonjwa, aliyepata hati zake baada ya miaka ya mateso, aliyeachana na mwenzake. Tumpigie simu wiki hii. Tusimwulize, "Umeshapona?" Tumwambie tu, "Tunakukumbuka. Jumamosi tunakuja na chakula."

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe uliyewapitisha baba zetu motoni na majini, tunakushukuru kwa kuwa umetufikisha hapa. Uwafariji waliopoteza wapendwa wao katika matope ya Montecito, ya Kalehe, ya Hanang na ya Bududa, hasa wale ambao hawakupata hata mwili wa kuzika. Uiponye mioyo iliyoungua, ioteshe mizizi tena, hata baraka zako ziingie zisitutelezee. Utufungue masikio yaliyochoka. Utufanye walinzi wa jirani zetu, na utupe mikono isiyochoka kubeba ndoo. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote, na Jumapili njema.